Agizo la dawa lisiandikwe na asiyeweza kuulizwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala unaoendelea kuhusu akili unde katika sekta ya afya. Naona mazungumzo mengi yameishia katika chumba cha daktari, yaani kama mashine itaweza kusoma picha za eksirei au kumjibu mgonjwa maswali yake, ilhali mahali ambapo mashine hizi huenda zikaingia mapema na bila kelele ni stoo ya dawa. Nimefanya kazi ya ufamasia katika vituo vya umma hapa Mombasa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa ni mjumbe wa kamati ya kituo kimoja cha afya upande wa Kisauni. Haya ninayoyaandika ni maoni yangu binafsi, si ya kamati.

Wauzaji wa programu wamekwisha kuanza kubisha hodi. Wanachokinadi si tena zile jedwali za kompyuta za kupigia hesabu ya wastani wa matumizi, ambazo tumezizoea, bali ni akili unde zalishi, ile inayotunga maandishi yenyewe. Unaipa ripoti za kituo, nayo inakuandikia agizo la robo mwaka, inakuandikia na barua ya kueleza kwa nini agizo liko hivyo, inalinganisha bei za wauzaji wa jumla, na ukitaka inakutungia tathmini ya zabuni. Sisemi kwamba haina manufaa. Mfamasia ambaye asubuhi yuko dirishani na foleni, mchana anajaza ripoti, na jioni anapekua dawa zilizokaribia kupitwa na muda, hana sababu ya kumkataa msaidizi. Bodi ya Dawa na Sumu inapotangaza kwamba bechi fulani iondolewe sokoni, kazi ya kutafuta nambari hiyo katika rekodi za vituo vyote ni ya kuchosha macho, nami ningeikabidhi mashine hata kesho, mradi awepo mtu wa kuhakikisha.

Agizo la dawa, hata hivyo, ni jambo jingine. Ingawa linafanana na karatasi ya kawaida ya ofisi, ndilo linaloamua nani atapewa dawa dirishani na nani ataambiwa akanunue nje. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, lakini haki hiyo, kwa mkazi wa Bamburi au Mtongwe, hupita katika safu moja ya fomu inayoitwa kiasi kilichoombwa. Anayejaza safu hiyo ana mamlaka makubwa kuliko cheo chake kinavyoonyesha. Kwa hiyo, kabla hatujaruhusu mashine iijaze, tujue inajifunza kutoka kwa nini, na nani atakayeulizwa ikikosea.

Nianze na hilo la kujifunza, kwa kuwa ndilo ninalolijua vyema. Chukua dawa ya malaria tunayoiita AL. Huja katika pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 kulingana na uzito wa mgonjwa: ya 6 ni ya mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, na ya 24 ni ya mtu wa kilo 35 na zaidi. Pakiti za watoto zikiisha, mhudumu wa dirishani hamrudishi mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Huchukua pakiti ya 24, akaikata kwa mkasi ikatoa dozi nne za watoto, akaandika maelekezo kwenye bahasha, na kazi ikaendelea. Katika daftari kilichotoka ni pakiti moja ya watu wazima. Pakiti ya 6 inasomeka sufuri mwezi mzima, na watoto wamejaa benchini.

Takwimu hizo zikipanda hadi kwenye ripoti ya mwezi, mfamasia anayekijua kituo chake huzitazama akatabasamu, kisha akaagiza pakiti za watoto kwa wingi. Mashine iliyopewa takwimu hizohizo bila maelezo ina kila sababu ya kuagiza pakiti zaidi za 24. Na kwa kuwa imeundwa kutunga maandishi, haitaishia kwenye nambari. Inaweza kukuandikia aya tatu zilizonyooka kueleza kwamba mahitaji ya watoto yamepungua, pengine kutokana na matumizi mazuri ya vyandarua. Hakuna aliyeiambia habari ya vyandarua. Imeiweka pale kwa sababu ndiyo sentensi inayofaa kufuata, na msomaji aliye Nairobi, au hata aliye hapa mjini katika ofisi yenye kiyoyozi, atapiga muhuri kwa moyo mkunjufu.

Tatizo hili halihusu AL pekee. Rekodi zetu huhesabu dawa iliyotoka, na mtu aliyeondoka mikono mitupu hana mahali pa kuandikwa. Dawa ya shinikizo la damu ikikosekana kwa wiki sita, kadi ya stoo itaonyesha kwamba kwa wiki sita hakuna aliyeitumia, na wastani wa matumizi utashuka. Kanuni ya zamani ya ugavi inajua mtego huu, ndiyo maana inataka wastani urekebishwe kwa kuzitoa siku ambazo dawa haikuwapo. Marekebisho hayo, hata hivyo, yanamtegemea mtu wa kuziandika siku hizo, na vituo visivyoziandika ndivyo vile vilivyoelemewa, vyenye mhudumu mmoja na foleni ya hadi barabarani. Matokeo yake ni kwamba kituo kilichokosa mwaka jana kitatabiriwa kuhitaji kidogo mwaka huu, kitaletewa kidogo, kitakosa tena, na mwaka ujao kitakuwa na ushahidi mzito zaidi kwamba hakihitaji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa mwenye shibe ni kile kituo chenye rekodi nzuri.

Kuna mfano wa nje unaoonyesha kwamba hofu hii si ya mzee wa stoo peke yake. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu programu iliyokuwa ikitumiwa na hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Haikuwa akili unde zalishi, lakini kosa lake ni lilelile: ilipima uhitaji wa mgonjwa kwa kuangalia gharama za matibabu yake. Wagonjwa weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo kuliko weupe wenye maradhi sawa, kwa hiyo programu ikawaona wana afya nzuri zaidi kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikiondolewa, sehemu ya wagonjwa weusi miongoni mwa wanaostahili uangalizi huo ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Rangi ya ngozi haikuwamo kabisa katika hesabu. Waliounda programu hawakuwa na nia mbaya. Walichukua kilichotumika wakakifanya ndicho kilichohitajika, jambo ambalo sisi katika stoo hulifanya kila mwisho wa mwezi.

Hapa Pwani athari yake ingeangukia watu tunaowajua. Ugonjwa wa seli mundu ni mwingi katika ukanda huu kuliko sehemu nyingi za nchi, na wenye ugonjwa huo wanahitaji hydroxyurea kwa mfululizo, bila kuruka. Ikiwa zahanati haijawahi kuwa na dawa hiyo, haina matumizi yake, na mashine haitaiorodhesha; wazazi watazidi kuvuka na kivuko cha Likoni kuifuata hospitali kubwa au kuinunua dukani, na safari hizo haziingii katika rekodi yoyote ya zahanati. Homa ya dengue ni hivyohivyo. Mji huu umeshuhudia milipuko yake, ule wa 2013 na ule wa 2021 ukiwamo, na kila inapolipuka dawa ya maumivu inayotakiwa ni paracetamol, kwa kuwa aspirini na ibuprofen huongeza hatari ya kuvuja damu. Agizo linaloandikwa kwa kutazama robo mwaka iliyopita halina habari na maji yaliyotuama wiki hii katika mitaro ya Majengo. Afisa wa afya ya jamii anazo.

Hata mambo makubwa ya dunia yanaweza kuyafanya mafunzo ya mashine kuwa ya zamani kwa siku moja. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, dawa na huduma za Virusi vya Ukimwi zilizokuwa zikitegemea fedha hizo ziliingia katika wasiwasi nchini kote. Rekodi za miaka ya nyuma zilikuwa zinaonyesha dawa zikifika. Hazikuonyesha nani alikuwa akizilipia.

Sasa nije kwenye maandishi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo akili unde zalishi inapotofautiana na kompyuta tulizozizoea. Jedwali likikosea, kosa huonekana uchi: nambari imekaa vibaya, nawe unaishangaa. Mashine hizi mpya hukosea kwa lugha nzuri. Zimejengwa kwa kukisia neno linalofaa kufuata neno jingine, na hazina kiungo cha ndani kinachotenganisha zilichosoma na zilichobuni. Mwaka 2023 mawakili wawili mjini New York walitozwa faini na mahakama kwa kuwasilisha hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT. Kesi ya kubuni hugunduliwa na jaji. Nambari ya bechi ya kubuni, au barua inayochanganya vidonge na pakiti, au aya inayosema kwamba chupa za oxytocin zilizokaa kwenye joto bado zinafaa, itagunduliwa na nani? Dawa hiyo ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kila aliyefanya kazi mjini humu anajua umeme unapopotea mchana wa Februari friji ya stoo inavyokuwa. Kipimajoto kinasema kitu kimoja, ripoti iliyoandikwa vizuri inaweza kusema kingine, na ubinadamu wetu huelekea kuiamini ripoti.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mifumo ya aina hii Januari 2024, na miongoni mwa hatari ulizozitaja ni huo mwelekeo wa wahudumu kuiamini mashine hata pale ambapo wangeliona kosa kama wangelikagua wenyewe. Ningeongeza kwamba mwelekeo huo una nguvu zaidi mahali ambapo mkaguzi amechoka na walioinunua mashine wako juu yake kicheo. Mtaalamu wa ngazi ya chini akilipinga agizo la mashine iliyonunuliwa na wakubwa kwa mamilioni, naye akakosea mara moja tu, atajuta. Akiliacha lipite na dawa zikakosekana, atasema mfumo ndio uliosema.

Hilo ndilo linalonifikisha kwenye uwajibikaji. Kuna wanaosema kwamba mashine ni afadhali kwa sababu haili rushwa, na baada ya sakata la ununuzi wa vifaa vya Covid-19 katika Kemsa, mamlaka ya serikali ya kununua na kusambaza dawa, mwaka 2020, ninaelewa wanakotoka. Lakini sakata lile lilijulikana kwa sababu kulikuwa na barua, saini na tarehe, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akaweza kuuliza nani alimwandikia nani. Mashine haipokei bahasha, ni kweli, ila hufanya inavyoelekezwa, na maelekezo yake ni sentensi mbili tatu zilizochapwa na mtu asiyejulikana kisha zikafutwa. Mtu akitaka zabuni imwangukie ndugu yake, hahitaji tena kughushi alama. Anahitaji tu kuiagiza mashine iipe uzito sifa ambayo ndugu yake anayo. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wa gharama nafuu. Sioni uwazi katika tathmini ambayo chanzo chake hakikuhifadhiwa.

Kampuni nazo zitajaribu kuiruka lawama. Februari 2024 baraza moja la kutatua migogoro katika jimbo la British Columbia, Kanada, lilisikiliza malalamiko ya abiria aliyepotoshwa na mashine ya mazungumzo ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya wanaosafiri kwa msiba. Shirika lilijitetea, kwa kifupi, kwamba mashine ile iwajibike yenyewe kwa ilichosema. Baraza likakataa, likalitaka shirika limlipe abiria. Hiyo ilikuwa nauli. Sijui mama wa Jomvu aliyekosa sindano ya magnesium sulphate wakati wa kifafa cha mimba atalishtaki baraza gani, ikiwa kituo kitasema kaunti, kaunti iseme kampuni, na kampuni ionyeshe kifungu cha mkataba kinachosema kwamba majibu ya programu ni ya ushauri tu.

Sheria zetu zimegusa jambo hili bila kulikamata. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mtambo pekee, ikiwa uamuzi huo unamwathiri kwa kiasi kikubwa. Ni kifungu kizuri, lakini kinamlinda mtu ambaye uamuzi umefanywa kumhusu yeye. Agizo la kituo cha afya linagusa maelfu na halimtaji hata mmoja wao. Sheria ya Afya Dijitali ya mwaka 2023 imeweka msingi wa mfumo mmoja wa taarifa za afya nchini, na Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde uliozinduliwa Machi 2025 una maneno mengi mazuri kuhusu maadili, ila mkakati si sheria, na mtu hawezi kuupeleka mahakamani.

Kuhusu faragha nitasema kwa ufupi, ingawa peke yake ingetosha barua nyingine. Nimewaona vijana wetu, wenye bidii na nia njema, wakipiga picha kurasa za daftari la dawa kwa simu zao na kuzipandisha kwenye programu za bure ili ziwajumlishie hesabu. Katika kurasa hizo mna majina, mitaa, na dawa ambazo kila mtu mjini anajua ni za ugonjwa gani. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewapa chombo kingine wala kuwaeleza picha ile inakwenda wapi.

Ninachoiomba serikali ya kaunti, pamoja na vituo vya binafsi na vya mashirika ya dini vinavyonunua dawa kwa utaratibu wao, si kuizuia teknolojia hii. Kwanza iongezwe safu katika ripoti ya mwezi ya kuandika waliokuja wakakosa dawa, na dozi zilizokatwa kutoka pakiti nyingine, kwa sababu bila safu hiyo hata mashine bora kabisa itakuwa inajifunza uongo tuliouandika sisi wenyewe. Kisha kila agizo lililosaidiwa na mashine lisainiwe na mfamasia mwenye jina na nambari ya usajili, awe na uwezo wa kulibadilisha bila kuomba ruhusa, na maelekezo aliyoipa mashine pamoja na jibu la kwanza ililolitoa viwekwe kwenye faili moja na agizo, kama tunavyoiweka S11, fomu ya kuombea na kutolea vitu stoo, hadi leo. Kampuni inayotaka kuuza programu yake ipewe rekodi za miaka iliyopita, zilizoondolewa majina ya wagonjwa, ituonyeshe ingeliagiza nini kabla ya dengue ya 2021, na matokeo hayo yasomwe na watu wa stoo, si na wahasibu peke yao. Na mkataba wowote wenye kifungu cha kuiondolea kampuni lawama kwa kila linaloandikwa na programu yake urudishwe mezani.

Haya yatapunguza kasi, najua. Kusoma agizo la dawa mia kadhaa mstari kwa mstari huchukua muda mrefu, na wengine watasema tukifanya hivyo mashine imetusaidia nini. Imetusaidia kuandika rasimu na kutafuta bechi, na muda uliookolewa hapo ndio wa kusomea. Kama muda huo utatumiwa kupunguza wafamasia, basi tuambiwe hivyo mapema, tuujadili kama mpango wa kupunguza wafanyakazi.

Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti ina uwezo wa kuitisha rasimu ya mkataba wa aina hii na kuwaita wafamasia wa kaunti ndogo zote sita, kuanzia Mvita hadi Likoni, watoe maoni kabla haujatiwa saini. Na ikiwa kamati haitafanya hivyo, kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinamruhusu raia yeyote kuuomba mkataba huo kwa barua. Mimi nitaiandika yangu siku nitakaposikia zabuni imetangazwa, na ninawakaribisha wasomaji wako wenye ndugu wanaotegemea dawa za kila mwezi waandike zao.

Mjumbe wa kamati ya kituo cha afya,
Kisauni, Mombasa.